Kwa Nini Betri Mpya ya Lithiamu Hukata Kabla ya Kujaa

Malalamiko kuhusu betri za lithiamu za bei nafuu huja kwa sura mbili. Kuna mwenye betri mpya inayokataa chaji mapema: jua lingali kali, kontrola ya sola inasoma volti 13.7 tu, mara volti zinaruka juu, inveta inapiga king'ora na kila kitu kinazimika. Na kuna mwenye betri inayojaa bila shida lakini usiku inakata ghafla, ilhali muda mfupi kabla mita ilikuwa inasoma karibu volti 13. Wakiuliza, hupewa jibu moja kati ya matatu: BMS (saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri) imekufa, umeuziwa feki, au chaja haifai. Majibu hayo yana siku zake za kuwa kweli. Lakini mara nyingi kila kifaa kinafanya kazi yake sawasawa, na tatizo liko kwenye seli zenyewe: hazilingani, na kile kilichowekwa kuzilinganisha ni kidogo mno kwa kazi hiyo.

Tuanze na kilichomo ndani ya boksi. Seli ndicho kipande kidogo kabisa kinachotunza chaji, na betri ni seli kadhaa zilizounganishwa. Betri nyingi za sola za siku hizi hutumia kemia ya lithiamu, chuma na fosfeti, ambayo kwa ufupi huitwa LFP. Seli moja ya LFP hutajwa kuwa na volti 3.2, ikichajiwa hadi 3.65 imejaa, na ikishuka hadi 2.5 imekwisha. Nne zikiungwa kwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, zinatoa volti 12.8, na hiyo ndiyo betri inayouzwa kama ya volti 12. Nane hutoa 25.6, kumi na sita hutoa 51.2. Baiskeli nyingi za umeme hutumia kemia nyingine, yenye nikeli, manganizi na kobalti, ambayo seli yake hujaa kwa volti 4.2. Nayo huugua ugonjwa huuhuu, ila LFP ndiyo inayouficha zaidi, kwa sababu tutakayoifikia.

Simu nyingi hazina tatizo hili hata kidogo, kwa kuwa ndani yake mna seli moja tu na hakuna ya kulinganishwa nayo. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea na lithiamu mfukoni miaka mingi bila kusikia habari za kusawazisha seli, kisha akanunua betri ya sola na kukutana nazo wiki ya kwanza.

Mfululizo una sheria moja isiyovunjika: mkondo unaopita kwenye seli moja ndio uleule unaopita kwenye zote. Chukua ndoo nne. Sharti ni kwamba ukimimina kikombe kimoja cha maji kwenye ndoo ya kwanza, lazima umimine kimoja kwenye ya pili, ya tatu na ya nne. Ukichota, unachota vivyo hivyo. Tena hakuna ndoo inayoruhusiwa kufurika wala kukauka. Ndoo zote zikianza zikiwa na maji sawa, mambo ni mepesi. Lakini moja ikianza na vikombe vitano zaidi ya wenzake, itafika ukingoni wakati zile tatu zina nafasi ya vikombe vitano kila moja, na hapo kazi yote inasimama. Nafasi ile iliyobaki haitumiki kamwe, ingawa kwenye boksi imeandikwa na wewe umeilipia.

Anayesimamisha kazi ni BMS, saketi ya ulinzi iliyofichwa ndani ya betri. Haiangalii jumla ya volti kama chaja inavyofanya. Inapima kila seli kwa waya wake mwembamba, na seli yoyote ikivuka kikomo cha juu inakata chaji. Yoyote ikishuka chini ya kikomo cha chini inakata matumizi. Huangalia pia mkondo uliozidi, shoti na joto, na iliyo nzuri huzuia kuchaji betri ikiwa chini ya nyuzijoto 0, kwa sababu kwenye baridi ya namna hiyo lithiamu hujibandika juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake.

Sasa rudi kwenye zile volti 13.7. Seli moja imefika 3.65, tatu zimebaki 3.35. Jumlisha: 3.65 na 10.05 ni 13.70. Chaja inangoja 14.6 na haitaziona, maana BMS imekwisha kukata njia. Kontrola ya sola, ambayo ghafla haina pa kupeleka mkondo, inaacha volti zipande kwa sekunde chache, na inveta inayasoma hayo kuwa hatari. Hakuna kilichoharibika hapo. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, na betri imezimika.

Chaji tofauti si sawa na ujazo tofauti

Hapa ndipo mazungumzo mengi hupotea njia, kwa sababu neno moja la "hazilingani" linabeba mambo mawili. La kwanza ni seli zenye ujazo sawa lakini zenye kiasi tofauti cha chaji kwa wakati mmoja. La pili ni seli ambazo ujazo wenyewe si sawa: tatu zinabeba ampea-saa 100 (ampea-saa ni kipimo cha kiasi cha chaji) na moja inabeba 88. La kwanza linarekebishika kabisa. La pili halirekebishiki. Ndoo ndogo itabaki ndogo hata uisawazishe mwaka mzima, na betri yote itakuwa ya 88. Kusawazisha kunapanga chaji tu, hakuongezi hata tone la ujazo. Anayekuahidi kwamba kisawazishi kitairudishia betri yako uwezo uliopotea kwa uzee anakuuzia matumaini.

Tofauti hizi hutoka wapi? Kiwanda makini hupima kila seli ujazo wake, ukinzani wake wa ndani, yaani kiasi inachouzuia mkondo, na kasi yake ya kujipunguzia chaji ikiwa imewekwa tu. Kipimo hiki cha mwisho kinakula muda, kwa kuwa lazima seli ikae kando kwa siku kadhaa ndipo ipimwe tena. Kisha seli zinazofanana hukusanywa pamoja. Anayeunganisha betri za bei nafuu huokoa fedha hapohapo. Hununua seli zilizobaki baada ya wengine kuchagua, za bechi mbalimbali, nyingine zilizokwisha kutumika kwenye magari na kuvalishwa plastiki mpya. Halafu, kwa kuwa seli husafirishwa zikiwa na chaji nusu au pungufu, huzifunga jinsi zilivyofika bila kuzijaza kwanza zikawa sawa. Hatua hiyo moja, ya kuzijaza zote hadi juu kabla ya kufunga mfuniko, ingemaliza sehemu kubwa ya malalamiko ya wiki ya kwanza. Haihitaji mtambo wa ajabu. Inahitaji saa, na saa ndizo zisizokuwemo kwenye bei.

Mita inavyodanganya

Nimesema LFP huficha ugonjwa. Volti za seli hii hazishuki polepole kadiri chaji inavyopungua. Kuanzia takriban asilimia 90 hadi 20, ikiwa imetulia bila mzigo, volti hubadilika kwa karibu sehemu moja ya kumi ya volti moja tu. Katikati ya tambarare hiyo, seli mbili zinazotofautiana chaji kwa asilimia 20 zinaweza kuonyesha tofauti ya milivolti chache. Ukifungua programu ya betri kwenye simu mchana ukaona milivolti 5 kati ya seli ya juu na ya chini, usifurahi bado. Hujaona chochote.

Kileleni mambo hugeuka. Seli ikikaribia kujaa, volti zake hupanda wima, na chaji ndogo sana, asilimia moja hivi, yaweza kuleta tofauti ya milivolti 100 au zaidi. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyetulia mchana alipoona 5 anashtuka jioni akiona 150, wakati pengine ya jioni ndiyo ndogo kwa kipimo cha chaji halisi. Milivolti hazisemi kitu mpaka ujue zimesomwa wapi kwenye mlima huo na chini ya mkondo gani.

Kwa sababu hiyohiyo, kusawazisha LFP kwenye tambarare ni kubahatisha. BMS nyingi husubiri seli zivuke volti 3.4 au 3.5 ndipo zianze, na kwa hilo ziko sahihi. Tatizo ni nguvu zao. Njia ya kawaida kwenye betri za bei nafuu ni ya kumwaga: seli iliyotangulia huunganishwa na rezista ndogo inayogeuza chaji ya ziada kuwa joto, na mkondo wake huwa wa milliampea 30 hadi 100 hivi. Weka hesabu. Seli ya ampea-saa 100 iliyotangulia wenzake kwa asilimia 10 ina ampea-saa 10 za kumwagwa. Kwa milliampea 50 hizo ni saa 200. Kama betri hufika kileleni kwa nusu saa tu kila siku kabla jua halijaisha, saa 200 zitachukua siku 400. Na hapo tumedhani kwamba hakuna seli inayozidi kuvuja katika muda huo wote.

Linalouma zaidi ni kwamba ugonjwa huzuia dawa yake. Seli iliyotangulia inagonga 3.65, BMS inakata, mkondo unakoma, na baada ya dakika chache seli ile inatulia chini ya 3.4. Kumwaga kunasimama. Chaja inaanza tena, inagonga tena, inakata tena. Anayetazama anaona betri inayohangaika, naye anaamua BMS ni mbovu, ananunua nyingine yenye ampea nyingi zaidi na kushangaa kukuta tabia ileile. Ampea zilizoandikwa kwenye BMS ni za mkondo wa mzigo inaoweza kuubeba. Za kusawazisha ni habari nyingine, huandikwa kwa herufi ndogo, na wakati mwingine haziandikwi kabisa.

Vipo visawazishi vya aina ya pili, ambavyo badala ya kumwaga huhamisha chaji kutoka seli ya juu kwenda ya chini, kwa ampea moja, mbili au hata tano. Vinafanya kazi kubwa, na kwa betri yenye tofauti kubwa ndivyo ningevichagua. Ila kisawazishi cha namna hii kikiachwa kiwake usiku na mchana kwenye LFP kinaweza kuharibu kile kilichokuja kutengeneza. Betri ikiwa na mzigo, seli yenye ukinzani mkubwa huonyesha volti za chini hata kama ina chaji zaidi kuliko wenzake. Kisawazishi kinaiongezea, na kufika kileleni tofauti imekuwa kubwa kuliko jana. Chagua chenye mpangilio wa volti za kuanzia, uweke 3.4 au juu kidogo. Kama hakina mpangilio, kiwe na swichi.

Kutambua una tatizo gani

Unahitaji programu ya BMS inayoonyesha kila seli, au multimita na betri inayofunguka bila kuvunja kitu. Kisha angalia mara mbili: karibu na kujaa, na karibu na kwisha. Seli ile moja inafanya nini kwenye kila upande?

Ikiwa ya kwanza kujaa na ya mwisho kwisha, ina chaji zaidi ya wenzake, basi. Ikiwa ya mwisho kujaa na ya kwanza kwisha, ina chaji pungufu. Ama ilifungwa hivyo tangu kiwandani, ama inavuja. Hali hizo mbili ndizo hasa za kusawazisha. Lakini ikiwa ya kwanza kujaa na tena ya kwanza kwisha, umekutana na ndoo ndogo, au na ukinzani.

Ukinzani si lazima uwe ndani ya seli. Bolti iliyolegea, bamba la shaba lenye kutu, waya wa kupimia ulioshikizwa vibaya, vyote huonekana kwenye skrini kama seli mbovu. Mahali penye ukinzani wa miliomu 1 tu, mkondo wa ampea 50 huongeza milivolti 50 wakati wa kuchaji na kupunguza 50 wakati wa kutumia. BMS haina namna ya kujua kwamba zile milivolti ni za bolti. Inaanza kumwaga chaji ya seli ambayo haina kosa. Kipimo chake ni rahisi: zima chaja na mzigo. Tofauti ikitoweka papo hapo, tafuta spana kabla ya kutafuta seli mpya. Hili ndilo jambo ambalo ningetaka kila fundi alifanye kabla ya kutamka neno "feki".

Spana hiyo ifungwe utepe wa plastiki kwenye mpini, na pete itoke kidoleni. Volti 12 hazikurushi, lakini seli kubwa ya lithiamu ikipigwa shoti hutoa mkondo wa kuyeyusha chuma.

Dawa

Kwa seli zilizopishana chaji, kinachohitajika ni muda kileleni, bila kugonga dari. Punguza volti za chaja badala ya kuziongeza. Kwa betri ya seli nne weka kati ya 13.8 na 14.0, yaani 3.45 hadi 3.5 kwa kila seli. Kwa ya seli kumi na sita, 55.2 hadi 56.0. Punguza na mkondo pia, uwe ampea chache tu. Seli iliyotangulia ikiendelea kuchomoza, shusha zaidi kidogo, ila usishuke chini ya volti ambazo BMS yako inaanzia kusawazisha. Kisha iache hapo saa nyingi, siku nyingi. Ni kazi ya kuchosha na haina cha kutazama, lakini betri nyingi zilizotangazwa kuwa zimekufa hurudi kwa njia hii.

Asiye na subira anaweza kuifungua, kutenganisha seli, kuziunga zote sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na kuzijaza kwa chanzo cha umeme kilichowekwa volti 3.6 au 3.65 mpaka mkondo ushuke kabisa. Seli zilizo sambamba hulazimika kuwa na volti moja, kwa hiyo zinajisawazisha zenyewe. Ukweli huo ndio uliozaa uvumi kwamba betri za lithiamu hazihitaji kusawazishwa. Aliyeusema alikuwa akizungumzia usambamba, aliyeusikia akaupeleka kwenye mfululizo. Zisiunganishwe hivyo zikiwa zimepishana sana, kwa kuwa iliyojaa itamwaga mkondo mkubwa ndani ya iliyo tupu. Kila moja ikaribishwe kileleni kwanza peke yake.

Ipo tabia tuliyorithi kutoka betri za asidi. Betri hizo zikizidishiwa chaji kidogo, seli zilizojaa hugeuza ziada kuwa gesi huku zilizobaki nyuma zikifika. Ndiyo kazi ya ile hatua ya kusawazisha iliyomo kwenye chaja za zamani. Lithiamu haina mlango huo wa kutokea. Ziada haina pa kwenda isipokuwa kuiharibu seli. Zima hatua hiyo kwenye chaja na kontrola, pamoja na ile ya kuondoa salfeti. Na kuiruka BMS kwa kipande cha waya ili betri "ijae kweli" ni kuiondoa kinga wakati inapohitajika kuliko siku zote.

Ushauri wa kutochaji zaidi ya asilimia 80 nao huletwa hapa bila mipaka. Una maana kwa simu, kwa sababu seli inayokaa imejaa muda mrefu huzeeka upesi. Lakini betri ya LFP ya seli nyingi ambayo haifiki kileleni haipati kusawazishwa hata siku moja, na asilimia zinazoonyeshwa kwenye skrini yake huzidi kupotea, kwa kuwa kifaa hakina mahali pa uhakika pa kuanzia hesabu. Ifikishe juu mara kwa mara, ikae kidogo, kisha iendelee na maisha yake.

Kuna pia wanaounga betri mbili za volti 12 ili wapate 24. Kila moja ina BMS yake, na hizo BMS mbili hazijuani. Moja ikiwa na chaji zaidi ya nyingine, hakuna aliye ndani ya boksi lolote anayeiona tofauti hiyo. Jaza kila betri peke yake hadi mwisho kabla ya kuziunga, na weka kisawazishi cha nje kati yake. Soma kwanza kama mtengenezaji anaruhusu, maana BMS inayokata ikiwa ndani ya mfululizo hubeba volti za mfumo mzima, na za bei nafuu hazikujengwa zote kwa hilo.

Inabaki seli inayovuja. Umesawazisha, zote zimejaa pamoja, umefurahi. Baada ya wiki chache seli ileile imebaki nyuma tena. Ijaze betri, iache bila mzigo wala chaja kwa wiki mbili au tatu, kisha ichaji upya ukiangalia kileleni ni ipi inayochelewa. Ikiwa ni yuleyule wa mwanzo, ibadilishwe. Seli mpya ya kemia ileile yenye ujazo sawa au zaidi kidogo haitawadhuru wenzake wazee, mradi iingie ikiwa na chaji sawa na yao. Seli iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2, au iliyovimba, haichajiwi kwa majaribio: shaba iliyomo ndani huanza kuyeyuka volti zikishuka mno, na ikijitandaza upya wakati wa kuchaji inaweza kuleta shoti ndani ya seli. Na kama fundi, badala ya kubadilisha seli, anataka kukufungia kisawazishi kikubwa zaidi cha kuificha, muulize ni seli ya ngapi inayoshuka, kwa kiasi gani kwa wiki, na aliipima lini.